Paa la Chepkosgei Halitoi Moshi

Kapkatet nzima, ukitaka mtu wa kujisifia hewa, ungemtafuta Chepkosgei. Wengine wanajisifia ng'ombe, wengine mtoto yuko Qatar, yeye hewa. Asubuhi alikuwa anasimama mlangoni, leso kiunoni, anavuta pumzi mpaka mabega yanagusa masikio, halafu anaiachilia polepole huku akitafunatafuna kama mtu ameonja supu.

"Hii," anawaambia wanaopita kwenda kuchuma chai, "hii huwezi kuipata supamaketi."

Na kusema kweli, alikuwa na sababu. Shamba lake la chai lilianzia nyuma ya choo likateremka mpaka mtoni, kijani kibichi, limekatwa sawasawa kama nywele za polisi. Upepo ulikuwa unapanda kutoka mtoni ukiwa baridi na msafi, haujapitia kwa mtu. Ukitoka mjini ukafika hapo, pua yenyewe inashtuka.

Kwa hivyo siku Kiptanui, kitindamimba wake, alipopiga simu kutoka Nairobi kusema binti yake Judy amerudi tena hospitali na kile kifua, Chepkosgei hakungoja hata amalize.

"Mlete hapa."

"Mama, ngoja kwanza nikuambie vile daktari..."

"Daktari amesema atolewe kwa moshi, si ni hivyo? Mimi sikusoma na najua. Mlete."

Ni kweli daktari alikuwa amesema hivyo. Kiptanui na mkewe Bonareri walikuwa wanakaa kwa ploti moja karibu na viwanda, ghorofa ya pili. Mbele malori, nyuma kijana mmoja anachoma matairi atoe waya auze. Walipohamia pale haikuwa mbaya hivyo. Lakini kila mwaka malori yalizidi, na takataka za kuchomwa zikazidi, mpaka sasa Bonareri akianika shati jeupe la shule asubuhi, jioni anaanua la kijivu. Anapangusa televisheni, kitambaa kinatoka kama amepangusa sufuria. Na Judy, ambaye ndiyo kwanza ameingia gredi ya kwanza, akilala kifua kinapiga filimbi, firii, firii, mpaka jirani aliwahi kuuliza kama wamenunua ndege.

"Kitanda chake kiko tayari," Chepkosgei akasema. "Sweta iko, maziwa iko, shule iko hapo tu chini. Nangoja nini?"

Hapo Bonareri akaingia kwa simu, sauti ya upole, ile ya mtu anaokota mayai. "Mama, shida ni moja tu. Hata mama yangu wa Sotik anamtaka."

Chepkosgei akahamisha simu sikio la pili.

Sasa, huyo mama wa Sotik ni Marcella, na kati ya Marcella na Chepkosgei hakujawahi kuwa na vita, hapana, ni watu wa kanisa. Kulikuwa tu na mashindano. Judy alipozaliwa wote wawili walifika Nairobi siku moja, huyu na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, yule na unga wa wimbi, na mtoto akaogeshwa mara mbili kwa sababu kila mmoja aliona mwenzake hajafika nyuma ya masikio. Tangu hapo wakawa wanaitana bamwai kwa heshima sana, vile wazazi wa watu waliooana wanavyoitana, halafu kila mmoja anapiga simu Nairobi kuuliza mwenzake alituma nini.

"Sotik ni mji," Chepkosgei akasema mwishowe. "Kuna magari."

"Naye amesema kwako kuna baridi."

"Baridi imeua nani?"

"Mama, hatutaki kukosana na mtu," Bonareri akasema. "Chama chetu hapa mtaani kiko na boksi ya kupima hewa. Kuna watu walituletea tuwe tunapima moshi ya hapa. Ikiwaka kijani, hewa ni poa. Njano, ni hivyo hivyo. Nyekundu, ni mbaya, na inapiga kelele. Nimeomba wanipatie wikendi moja. Tutakuja nayo kwako, tupeleke kwa mama Sotik. Boksi ndiyo itaamua. Si mimi, si baba Judy."

"Basi imeamua," Chepkosgei akasema. "Ilete tu isikie raha."

Akakata simu, akaangalia kile kitanda kidogo alichokuwa amekitandika tangu Jumatatu, kabla hata hajaambiwa. Blanketi mpya, ya maua. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne na mtu mmoja. Watoto wote wameenda, mzee ameenda pale ambapo harudi mtu, na kuku hawajui kuongea. Mambo ya hewa aliyasema kwa kelele. Hili la kitanda hakumwambia mtu.

*

Jumamosi ilipofika, Chepkosgei aliamka akiwa na mpango.

Kule kwao mgeni hapokelewi mlangoni. Anapokelewa na paa. Akiwa bado yuko huko chini barabarani anainua macho, anaona moshi unatoka juu ya jikoni, anajua: nilikuwa nangojwa, chai iko motoni. Paa lisilotoa moshi ni la mtu mgonjwa, au mchoyo, au marehemu. Na mgeni wa siku hiyo hakuwa mgeni wa moshi wa kawaida. Chepkosgei aliwasha moto mapema, akaongeza kuni za mkaratusi ambazo hazikuwa zimekauka vizuri, halafu kwa sababu ya furaha akatupia na matawi mabichi ya mti wa krismasi. Moshi ukapanda mweupe, mnene, ukaonekana mpaka lami. Akasafisha vibuyu vya maziwa na vijiti vinavyowaka, vile mamake alimfundisha, jikoni kukanukia mpaka machozi yakamtoka. Aliyapangusa akiwa anatabasamu.

Kiptanui alikuwa ameazima Probox ya rafiki yake. Waliposimama uwanjani Judy alitoka mbio, meno ya mbele hana, akamkumbatia nyanyake magoti.

"Kogo! Tuliona moshi yako tukiwa mbali!"

"Umeona?" Chepkosgei akasema, kifua mbele. "Hiyo ilikuwa yako."

Bonareri akatoa boksi kwa mkoba. Kilikuwa kitu kidogo cheupe, kama kipande cha sabuni ya kufulia, na taa moja usoni, namba chini yake. Akaishika mbele yake kwa mikono miwili na kuanza kutembea nayo polepole uwanjani.

Bahati mbaya ndiyo saa Johana, jirani wa ng'ambo ya kijia, alikuwa anarudi kutoka pale anapokunywaga Jumamosi. Akaona mwanamke asiyemjua, amesimama karibu na gari, ameshika kitu cheupe chenye taa, amekielekeza mdomoni pake vile polisi wa barabarani wanavyopima walevi. Johana akaganda.

"Mzee, usiogope," Bonareri akasema. "Ni ya hewa tu. Ya kupima hewa."

"Ya kupima hewa ya nani?"

"Ya kila mtu!"

"Mimi nilikuwa natembea kwa miguu!" Johana akapiga kelele, mikono juu. "Na miguu yangu! Hata gari sina! Muulize mtu yeyote!" Akaruka mtaro akaingia kwa chai, na kofia yake ndiyo tu ilionekana ikiteremka, ikiteremka, mpaka mtoni.

Kiptanui alicheka mpaka akakohoa. Judy alicheka pia, lakini cha Judy kiliishia vibaya: kilianza kicheko, kikageuka kikohozi, kikageuka ile filimbi, na Bonareri akachuchumaa mbele yake akimshika mabega mpaka ikapita. Chepkosgei aliangalia tumbo la mtoto likiingia chini ya mbavu kila akivuta. Kwa simu hakuwa ameliona hilo.

"Angalieni boksi," akasema haraka. "Inasema nini?"

Ilikuwa kijani. Kwa uwanja, kijani. Kwa boma la ng'ombe, kijani. Katikati ya chai, kijani hata boksi yenyewe ilikuwa karibu kupotea. Chepkosgei akapiga makofi, akazunguka mara moja kwa mguu mmoja.

"Kongoi, asante Mungu! Mpigie mama yako Sotik, mwambie asisumbuke kufagia. Sasa ingieni jikoni mnywe chai."

Wakaingia jikoni.

Boksi ililia kabla Bonareri hajavuka kizingiti vizuri. Haikuwa kelele ya adabu. Ilikuwa ile ya gari la mtu likiibwa. Kuku wawili waliokuwa wanaatamia mayai nyuma ya mlango walitoka wakipitia dirishani.

"Imefanya nini?" Chepkosgei akauliza.

"Ni nyekundu, mama," Kiptanui akasema.

"Labda inaona joto."

"Haionangi joto. Inaona moshi."

"Moshi gani?" Chepkosgei akauliza, na hapo alikuwa anaonekana kuanzia kiunoni kwenda chini tu.

Judy alikuwa ameanza tena. Bonareri alimbeba akatoka naye mbio. Kiptanui akabaki amesimama, machozi yanamtiririka, akiangalia namba kwa boksi kama mtu anasoma matokeo ya mtihani.

"Mama, usikasirike. Lakini hata kwetu, hata siku ile walichoma matairi mchana kutwa, haikufika hapa."

"Unaniambia Nairobi ni safi kuliko kwangu?"

"Mimi sijasema. Ni boksi."

"Hiyo boksi imetoka Nairobi. Imekuja na ugonjwa ya huko, sasa inataka kuambukiza jikoni yangu." Akaipigapiga mgongoni vile unapigapiga mtoto mchanga. Boksi ikazidi kulia. "Na usiniletee maneno ya gesi, najua unataka kusema gesi. Ile mtungi uliniletea nimeiweka kwa stoo na nimefunga. Mimi siwezi kulala na bomu."

Walikunywa chai uwanjani. Chepkosgei alikuwa anahesabia jambo moja tu lililobaki: huko Sotik bado hakujapimwa.

"Naenda na nyinyi," akasema, na kabla mtu hajajibu alikuwa ameketi kiti cha mbele, mkoba magotini, mkanda umefungwa.

*

Marcella alikuwa mfanyabiashara wa ndizi, mwanamke mfupi, mwepesi, anayefanya kitu kikafanyika. Aliposikia kuna kupimwa usafi wa hewa, alifanya vile mtu yeyote msafi angefanya: alisafisha. Alifagia boma lote mpaka udongo ukang'aa. Akakusanya majani ya ndizi, magunia yaliyooza, karai la plastiki lililopasuka, mifuko, kiatu kimoja cha marehemu mumewe, akatia vyote shimoni nyuma ya nyumba akavichoma visionekane. Halafu, ili ndani kunukie, akawasha dawa ya mbu kila dirisha na kupuliza manukato ya choo mpaka kopo likaisha.

Boksi ilianza kulia Probox ikiwa bado iko getini.

Chepkosgei alijaribu kujizuia. Mungu anajua alijaribu. Alishika mkoba, akaangalia juu, akafikiria mazishi. Lakini aliposhuka na kuona Marcella amesimama mlangoni na gauni la kanisa, nyuma yake moshi mweusi unapanda kama shule imechomwa, aliketi kwa nyasi akacheka.

"Bamwai!" akasema, akishika mbavu. "Hata haijashuka kwa gari! Bamwai, hata haijasalimia!"

"Nyasae, Mungu wangu," Marcella akasema. "Kwani hiyo kitu ni ya nini? Nimesafisha tangu jana! Nimechoma uchafu yote!"

"Tumeona, mama," Bonareri akasema kwa huzuni. "Hata watu wa Kisii wameona."

Marcella akamwangalia Chepkosgei pale chini. Alikuwa mtu wa soko, alijua kuuliza swali. "Na wewe, bamwai. Kwako ilikuwa rangi gani?"

Kicheko kikapotea. Chepkosgei akaanza kung'oa nyasi moja moja.

"Nje ilikuwa kijani," akasema.

"Na ndani?"

"Nyekundu!" Judy akapiga kelele kutoka dirisha la gari, ambalo babake alikuwa amelifunga likabaki kijitundu. "Kwa Kogo ilikuwa nyekundu na ikalia mpaka kuku wakapita dirishani!"

"Aaa," Marcella akasema. Akakunja gauni la kanisa, akaja akaketi kwa nyasi karibu na mwenzake. Wakakaa hivyo wote wawili wakiangalia moshi.

Bonareri hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyomtia Chepkosgei baridi. Angekasirika wangegombana, wangelia, wangepatana. Lakini alikuja tu akasimama mbele yao akiwa amechoka.

"Mama zangu, sioni haja ya kuwasumbua. Nilidhani huku atapumua. Kesho tunarudi na yeye. Huko angalau hospitali iko karibu."

Akaenda kwa gari. Dirishani Judy alikuwa ameweka paji la uso kwa kioo, anakipuliza, anachora kitu na kidole, anakipuliza tena. Kila akipuliza alikuwa anapumzika kidogo kabla ya kingine, kama mzee anayepanda mlima.

"Mimi naweza kuacha kuchoma takataka," Marcella akasema polepole. "Hata leo. Lakini huyu jirani wa hapa ana gereji, yule wa huko anachoma zake kila jioni, na nyuma ni barabara. Siwezi kufunga Sotik." Akavuta pumzi. "Kwako kuna chai tu, bamwai. Pande zote. Sina hasira nikisema hivyo, lakini usinifanye niseme mara mbili."

"Boksi imekataa kwangu."

"Imekataa jikoni."

"Na jikoni yangu ina shida gani? Si ni jikoni kama ya kila mtu?"

"Shida ya jikoni yako ni wewe," Marcella akasema. "Unatupia kuni kama unachoma tofali. Nilikuja kwako Krismasi, nikatoka nikiwa nimeiva."

Chepkosgei akafungua mdomo amjibu. Jibu alikuwa nalo, tena zuri. Lakini dirishani Judy alikohoa, naye akaufunga tena.

Akasimama, akajipangusa nyasi, akamwendea Bonareri.

"Mama Judy. Leo mnalala kwangu, si ndiyo? Gari ni ya kesho. Naomba asubuhi upime tena. Mara moja tu. Ikikataa, mimi mwenyewe nitamfungia sweta."

*

Yale mafiga yalikuwa jikoni mle tangu Chepkosgei aolewe. Mawe matatu meusi, na kati yao kaa la moto ambalo halikuwa limewahi kuzimika kabisa. Usiku unalifunika na majivu, asubuhi unalifunua, unapuliza, siku inaanza. Mama mkwe wake ndiye aliyemwonyesha. Watoto saba walipashiwa maji ya kuoga juu ya hayo mawe.

Alifika tu kutoka Sotik akaingia na debe la maji, akayamwaga.

Kiptanui alisikia ile *shhhh* akaja mbio. Alimpata mamake anayabeba mafiga, moja moja, yangali moto, ameyafunga na gunia, anapita nayo uwanjani, anapita choo, anapita mpaka zizi la ng'ombe, anayaweka chini huko kwenye ukingo wa chai ambako upepo unapita kando ya nyumba.

"Mama, wacha nikusaidie."

"Usinisaidie. Nikisimama nitabadilisha akili."

Alifungua milango yote na madirisha yote. Akawasha moto huko nje, na kwa sababu ni Kapkatet na ilikuwa alasiri, mvua ikanyesha. Si mvua ya kuuliza. Kiptanui akaleta mwavuli akasimama juu ya sufuria. Mamake akasimama kwa mvua akisonga ugali. Moto ukipata mwavuli, Chepkosgei analowa. Chepkosgei akipata mwavuli, moto unalalamika.

"Songa huku!"

"Nikisonga huko sukuma wiki inalowa!"

"Sukuma imekua kwa mvua, itaogopa nini!"

Ugali ulikuja mezani ukiwa karibu uji. Walikula kwa vijiko, na Judy akasema ni tamu.

*

Asubuhi Bonareri aliamka akasikia sauti za watu nje, za chini, zile za watu wamekuja kwa jambo zito. Akatoka chumbani. Sebuleni alimkuta mama mkwe amesimama nyuma ya pazia na gauni la kulalia, kidole mdomoni.

"Nyamaza," Chepkosgei akanong'ona. "Nimekufa."

"Nini?"

"Hakuna moshi kwa paa. Wameona hakuna moshi. Wamekuja kunilia." Macho yalikuwa yanawaka kama ya msichana mdogo. "Wacha kwanza nisikie watasema nini."

Uwanjani kulikuwa na nusu ya kijiji. Chepngeno, rafiki yake wa kanisa, amebeba chupa ya chai na mkate. Wamama wengine na leso mabegani. Johana amesimama mbele, hakuvaa kofia, na amebeba jembe, kwa sababu Johana ni mtu wa kufikiria mbele.

"Mimi nilijua jana," Johana alikuwa anasema. "Serikali ilikuwa imekuja na mashine. Gari, mwanamke, mashine. Nikajua hapa kuna jambo."

"Alikuwa mama mzuri," Chepngeno akasema, akipangusa jicho.

"Mzuri sana."

"Maneno alikuwa nayo mengi, lakini mzuri."

"Ile hewa yake ilikuwa inatuchosha kidogo," mwingine akasema.

"Lakini nani sasa atatuambia kuhusu hewa?" Chepngeno akauliza. "Na ile karai yangu sijui iko kwa nyumba gani."

"Iko kwa stoo!" Chepkosgei akapiga kelele, akafungua pazia.

Jembe la Johana lilianguka kabla ya Johana. Wamama walipiga nduru, mkate ukaruka juu, mtu akapiga magoti akaanza kutubu dhambi ambayo hakuna aliyekuwa anaijua. Chepkosgei alisimama pale dirishani na gauni la kulalia, amenyoosha mikono kama mchungaji.

"Endeleeni! Mlikuwa mmefika kwa maneno mengi!"

Judy alikuwa ametoka kitandani bila mtu kujua. Alikuwa amesimama mlangoni miguu mitupu, na alipomwona Johana anajikagua kama yeye ndiye amekufa, alianza kucheka. Alicheka akishika mlango. Alicheka akainama. Bonareri aligeuka haraka, mikono tayari, akingojea pale ambapo kicheko huwa kinageuka.

Hakikugeuka. Kilienda mpaka mwisho wake, chote, kikaisha chenyewe vile kicheko kinatakiwa kuisha, halafu mtoto akavuta pumzi ndefu akaanza kingine.

Filimbi bado ilikuwa, ndogo, huko ndani. Mtu hawezi kupona kwa usiku mmoja. Lakini Bonareri alienda pale kwenye meza ya kitanda, akarudi na boksi, akaishika mbele ya mama mkwe. Kisha akaingia nayo jikoni, peke yake, akasimama katikati pale ambapo majivu yalikuwa bado mabichi. Wakangoja. Boksi haikulia.

"Kila asubuhi atavuta ile dawa yake ya kifua," akasema akitoka. "Mbele yako, mama, nikiangalia kwa simu. Hakuna moto kwa hii nyumba, hata wa kuchoma mahindi. Hata Krismasi. Likizo anaenda Sotik wiki moja, mama yangu asilie. Na ukirudisha yale mawe ndani..."

"Siwezi kurudisha," Chepkosgei akasema. "Ni mazito."

"Na sisi," Johana akauliza, akiokota jembe, "tutakuwa tunajuaje uko hai?"

"Kuja uulize!"

Kwa hivyo ikawa Judy anabaki, na Chepkosgei alikuwa amepata alichokitaka. Alifunga kabichi, akafunga maziwa, akafunga viazi mpaka Probox ikakaa chini. Bonareri alimkumbatia mtoto mara ya kwanza, akaingia kwenye gari, akatoka, akamkumbatia mara ya pili. Kiptanui alikuwa anapanga mzigo nyuma, akakohoa kwenye kiwiko. Halafu tena. Kikohozi kikavu, kifupi, ambacho mamake alikuwa amekisikia tangu jana akadhani ni cha jikoni. Lakini leo jikoni kulikuwa baridi.

"Hiyo yako imeanza lini?" akamuuliza.

"Hii? Hii ni ya kawaida, mama. Kila mtu kwa ploti iko nayo."

"Nyumba ina vitanda."

"Najua." Akafunga mlango wa nyuma wa gari, akautikisa kuona kama umeshika. "Kazi ndiyo haina."

Chepkosgei alitaka kumwambia kitu kingine, lakini alikuwa hajakipanga, na gari lilikuwa limeshageuka. Akasimama akilipungia mpaka likapotea pale lami inapopindia. Kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, Chepkosgei alivuta pumzi na hakumwambia mtu ilikuwa tamu namna gani.

"Kogo," Judy akasema, "mimi nasikia njaa."

Basi wakaenda huko nyuma ya zizi. Judy akasimama pale mamake alipochora mstari na kijiti, mbali na moto, akaagizwa asiuvuke. Chepkosgei akapiga magoti mbele ya mafiga, akapanga kuni, akapuliza. Moshi ukainuka, ukafikiria, ukageuka na upepo.

"Kogo! Inakuja huku!"

Akainua sufuria, akavuta jiwe la kwanza, la pili, la tatu, akapuliza tena. "Sasa?"

"Bado! Songa kwa ng'ombe!"

"Ng'ombe naye hapumui?"

"Songa kidogo tu, Kogo. Kidogo. Enda tena. Enda tena!"

Na Chepkosgei, masizi mpaka kwenye nyusi, akaenda tena.